Sauti Yangu Sokoni Laare

Majimbo, Embu
4 Mei 2020

Tata Cicily, shangazi yangu,

Kwanza kipaza sauti kinakwaruza. Kisha mbuzi analia. Kisha naingia mimi, kwa Kimeru changu cha nyumbani: "Kama huna homa wala kikohozi, huhitaji maski. Waachie wauguzi na wagonjwa." Baba alinipigia jana kwa simu ya Mama ili simu yake ibaki ikicheza ile rekodi. Nikasema haloo, haloo, Baba, unanisikia? Aliicheza mpaka mwisho, mbuzi na yote, kisha akakata.

Tangu jana nikiosha vyombo namsikia yule mbuzi. Nikifunga dirisha namsikia.

Nimempigia Mama, naye anasema, "Muulize babako." Babangu hashiki simu. Wewe nawe siwezi kukupigia, kwa maana siku hizi sikio lako halifanyi kazi bila spika, na ukiweka spika hata kuku wa Baba kule ng'ambo ya ua wanasikia tunachosema. Ndiyo maana nimeandika. Dereva Mithika amekubali kubeba barua kwenye pikapu ya miraa akirudi Laare kutoka Nairobi. Mizigo bado inaruhusiwa barabarani hata kama watu haturuhusiwi.

Nataka kujua nini kimetokea. Ninachojua ni kwamba lile tangazo nililolisoma mwezi wa tatu lilifika sokoni kwenu na Baba akalirekodi, na kwamba mwezi wa nne amri ikawa kila mtu avae. Hilo la pili pia nililisoma mimi. Baba anadhani mimi ndiye ninayetunga maneno. Situngi, Tata. Shirika linaniletea karatasi ya Kiingereza, naigeuza Kimeru, naisoma kwenye studio hapa Embu, halafu magari yanapeleka sauti yangu masokoni. Mimi ni koo tu.

Niambie ukweli.

Nkirote


Laare
19 Mei 2020

Mwari, binti wa Kaimenyi,

Nilikufundisha darasa la nne kwamba barua haianzi na mbuzi. Salamu kwanza, hali ya nyumbani, kisha shida. Kwa hiyo nakusalimu mimi, kwa vile wewe ulisahau. Mvua imetosha, imepita hata kutosha. Ng'ombe wangu mwekundu amezaa dume, hasara tupu. Kanisa limefungwa, mamako anaimba sauti ya pili peke yake jikoni na hakuna wa kumwimbia ya kwanza. Ndege za kwenda Somalia zimesimama, miraa inauzwa kwa bei ya kutupa, na wanaume wote wa Laare wamekuwa wachumi.

Sasa shida yako.

Siku ile gari lilipopita, babako alikuwa kibandani na wafungaji wake wa miraa. Alisikia sauti, akasimama. "Nyamazeni! Huyo ni Nkirote wangu." Akaagiza soda kwa wote. Mukiri, mmoja wao, anasema hajawahi kumwona akiagiza hata maji. Lakini wiki hiyo alikuwa amenunua katoni nzima ya maski pale kwa duka la dawa, kila mfungaji alikuwa na yake usoni. Tangazo lilipoisha aliwavua mmoja mmoja. "Mmesikia binti yangu? Hizi ni za wauguzi." Akaipeleka katoni dispensari kwa mkono wake. Nesi alimwombea.

Mwezi wa nne akaenda sokoni uso mtupu. Polisi wakamshika mbele ya wanunuzi. Hakugombana. Alitoa simu akawachezea sauti yako. "Msichana wa serikali mwenyewe amesema." Yule askari alicheka mpaka akashika mkanda wake. "Mzee, hiyo ni ya mwezi jana. Imeoza." Na wanunuzi nao wakacheka, watu ambao Kaimenyi amewauzia tangu kabla hujazaliwa. Walimlaza kituoni, kwenye chumba kilichojaa watu wasio na maski.

Siku hizi kuna maski moja kibandani. Inaning'inia msumarini karibu na mlango. Anayekwenda kupita kwenye kizuizi cha polisi anaivaa, akirudi anaitundika, mwingine anaivaa. Wanaiita "pasi". Mukiri ana yake mwenyewe, lakini ameitoboa tundu pembeni ili apitishe vijiti vya miraa bila kuivua. Cheka ukitaka. Mimi nilicheka kwanza.

Babako hashiki hata ile ya msumari. Amesema jambo moja kukuhusu, ameniomba nisikuandikie, na sitakuandikia.

Tata yako


Majimbo, Embu
2 Juni 2020

Tata mpendwa,

Nakusalimu. Nasalimu ng'ombe mwekundu na dume lake. Namsalimu Mama na sauti ya pili. Hapa Majimbo tuko salama, jirani yangu Teresia ameshona mapazia yake yote yakawa barakoa na sasa jua linamwamsha mapema. Nimetimiza?

Nimesoma barua yako nimesimama. Sikuweza kuketi.

Nina hasira na sijui niielekeze wapi. Lile tangazo la kwanza halikuwa uongo, Tata. Maski zilikuwa chache dunia nzima, ikahofiwa wauguzi wakose. Tena ilidhaniwa kwamba asiyekohoa haambukizi. Baadaye ikaonekana anaambukiza, ushauri ukageuka. Mimi sioni aibu hapo. Daktari akikupa dawa isiyofaa anabadilisha. Ninachokiona mimi kuwa aibu ni jinsi tulivyobadilisha.

Karatasi ya pili ilipofika niliisoma mara kadhaa nikitafuta sentensi moja. Haikuwamo. Nikamwendea Njuki, mkubwa wangu.

"Tuongeze kwamba mwezi uliopita tulisema tofauti, na kwa nini."

"Nkirote, usiwachanganye watu."

"Wameshachanganyikiwa. Wamesikia sauti ileile ikisema vingine."

"Ukirudi nyuma hata hili jipya hawataliamini. Watu wanataka neno moja. Soma."

Si mtu mbaya, Njuki. Ana watoto watatu na mkubwa wake naye ana mkubwa. Alikuwa amevaa maski chini ya pua. Nikasoma.

Nimekutumia furushi la barakoa za Teresia, kitambaa tabaka tatu. Tafadhali mwambie Baba avae. Mwambie ni sahihi. Ile ya msumari ichomeni, hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na kitu. Kuhusu alichokisema, sikuulizi. Kama hataki nijue, na asitake.

Nkirote


Laare
23 Agosti 2020

Nkirote,

Tumejaliwa kuamka. Dume limekua. Barua yako ilikaa chini ya kiti cha Mithika mwezi mzima na zaidi, pamoja na majani ya migomba ya kufungia miraa, na ilinifikia ikinuka safari. Kanisa limefunguliwa lakini sisi tuliopita miaka hamsini na minane tumekatazwa, kwa hiyo mimi na babako tunaketi nyumbani Jumapili kama watoto waliofukuzwa darasani. Yeye anasema hilo nalo litabadilika. Limekaribia kubadilika.

Furushi lilifika. Wafungaji wamegawiwa, wamefurahi, hasa ile yenye maua ya pazia ambayo Mukiri ameikataa kwa kuwa hana pa kuitoboa bila kuharibu ua. Ile ya msumari niliichoma mwenyewe. Keshoye kulikuwa na nyingine palepale. Sijui nani anaitundika. Msumari ukiwepo, watu watatundika.

Babako nimemwambia. Maneno yake ni haya: "La kwanza tusivae. La pili tuvae. La tatu watasema tuvae tumboni." Wote kibandani wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Mtu akichekwa mara moja hujifunza kuwachekesha watu kabla hawajamcheka. Hilo nimeliona kwa watoto wa shule kwa miaka thelathini.

Umenituma nimwambie. Nimemwambia. Wewe hujampigia.

Tata


Majimbo, Embu
16 Novemba 2020

Tata mpendwa,

Natumaini ninyi ni wazima. Naandika "natumaini" na kalamu inanikwama, kwa sababu hii ni barua ya tatu bila jibu. Hapa kwangu ni mzima. Teresia amepata mashine ya pili ya kushona. Nimekonda kidogo, si kwa ugonjwa.

Kuna nini huko?

Mithika siku hizi hazimi injini. Jana nilimkimbilia pale stejini. "Kwetu wako aje?" Akasema, "Wote wazima," bila kunitazama, akanipa ndizi ambazo hakuna aliyemtuma alete, akaondoka. Nikimpigia Mama, Baba yuko shambani. Asubuhi yuko shambani. Jioni yuko shambani. Siku ile mvua ya mawe ilipiga mpaka ikawa habari hapa Embu, alikuwa shambani.

Kama kuna jambo, niambie. Kama hakuna, niambie pia.

Wiki iliyopita tulikwenda na gari la matangazo soko la Kanja. Kiembu changu wanakicheka lakini wanakielewa. Karatasi ya sasa inasema funika pua na mdomo, usiivae kidevuni. Watu walikuwa wakinisikiliza wameivaa kidevuni. Mama mmoja muuza nduma, yale magimbi ya mtoni, alinisogelea, akanitazama mdomo nilipokuwa nikiongea, kama mtu anayeangalia maji yanatoka wapi.

"Kumbe sauti ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Ulisema tusivae."

"Sasa tunasema muvae."

"Hilo nimesikia, sina shida na masikio. Nauliza ile ya kwanza ilienda wapi?"

Dereva akapiga honi. Nikamwambia, "Mama, fuata maagizo mapya." Akarudi kwenye nduma zake. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinitazama tu kama mtu aliyeuliza bei kwenye duka ambalo halina mwenyewe.

Nimemwambia Njuki kuhusu yule mama. Alisema, "Wa aina hiyo hawakosekani." Nikasema wa aina hiyo ndio wanaosikiliza. Akasema nimechoka, nichukue likizo.

Nijibu, Tata. Hata mstari mmoja.

Nkirote


Laare
10 Januari 2021

Nkirote mwanangu,

Tumevuka mwaka. Mamako anakusalimu, dume nimeliuza, kahawa ya jirani imepata ugonjwa. Nimeandika haya ya kwanza polepole kwa sababu yanayofuata sitaki kuyafikia.

Babako alilazwa mwisho wa mwezi wa kumi. Kifua. Alikuwa kwenye oksijeni siku nyingi, na kuna siku mbili ambazo mamako alikuwa ameshatoa shuka jeupe kabatini. Amerudi nyumbani kabla ya Krismasi. Yuko hai, anakula, anagombana. Lakini kutoka nyumbani hadi kibandani, mahali alipokuwa akipanda akipiga mluzi, sasa anasimama katikati akijifanya anakagua mimea.

Tulikuficha. Ni yeye aliyeagiza, na aliagiza akiwa na bomba puani, hakuna aliyethubutu kumbishia. Alisema: "Akija, aje kwa sababu yake. Asije kwa sababu ya mtungi." Mithika aliapishwa. Zile ndizi ni mimi niliyemtuma, nilitaka mkono wa mtu wa kwetu ukuguse tu.

Najua unachokifikiria sasa hivi. Acha. Huenda aliupata ugonjwa kwenye kile chumba cha polisi na ukaja polepole, ingawa daktari anasema hapana, muda ni mrefu mno. Huenda ni ile "pasi" ya msumari, ingawa yeye hakuivaa. Huenda ni matanga ya jirani yetu Mbaabu ambako tulibanana hemani. Hakuna anayejua, nawe usijifanye unajua.

Daktari amemwambia kifua chake hakitastahimili mara ya pili. Kibandani avae siku zote, pale ambapo watu wanakaa magoti kwa magoti na majani yanatoa vumbi. Amerudi na barakoa mpya za hospitali, ameziweka kabatini juu ya Biblia. Havai.

Na sasa nitavunja ahadi niliyompa, kwa sababu nimekaribia kumzika nikiwa nimeitunza. Jambo alilolisema mwaka jana baada ya kutoka kituoni ni hili: "Kama yamebadilika, si aseme yamebadilika? Ningevaa siku hiyohiyo."

Basi.

Tata


Majimbo, Embu
21 Februari 2021

Tata,

Salamu zangu unazo, tumeachana juzi.

Nimerudi salama kutoka kwenu. Ulituona tulivyoketi, mimi kwenye kiti cha wageni, Baba kwenye kile chake, chungwa katikati ambalo hakuna aliyelimenya. Ulitoka ukidhani tungeongea. Acha nikueleze tulichoongea, usije ukadhani nilikuja bure kwa woga.

Aliniuliza mvua ya Embu. Nikamwambia. Aliniuliza kama bado nasoma matangazo. Nikasema ndiyo. Alinitazama barakoa yangu. "Hata hapa kwangu?"

"Kwa ajili yako, Baba. Natoka mjini."

"Mm."

"Nawe uvae kibandani. Daktari amesema."

"Hilo umetumwa?"

"Sijatumwa."

"Basi mara hii nani ameandika karatasi?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima, Tata. Lilikuwa kwenye ulimi: Baba, tulisema moja, tukabadilisha, hatukuwaambia, ukaaibishwa kwa kuniamini. Nikafungua mdomo, nikasema, "Baba, ile ya kwanza..." Akainua mkono. Hakuwa na hasira. Alisubiri pumzi irudi kwanza, hiyo nayo niliisikiliza yote, halafu akasema: "Ulisema sokoni."

Akachukua chungwa akaanza kulimenya.

Nimelielewa njiani, tulipofika karibu na Chuka. Alichekwa sokoni. Nikimwambia sebuleni nani atasikia? Yule askari hatasikia. Wanunuzi hawatasikia, wala Mukiri na wenzake waliovuliwa maski na mkono wake huku akijivunia mimi. Angevaa kesho, kibanda kizima wangesema mzee ameogopa kifo. Anaona heri asivae.

Na sokoni sauti yangu si yangu. Ndipo nilipofika na ndipo nilipokwama. Nimemwandikia Njuki ombi, mara hii kwa maandishi, tutoe tangazo moja la kueleza mabadiliko yote tangu mwanzo. Amejibu kwamba limepelekwa juu.

Nkirote


Laare
2 Aprili 2021

Nkirote,

Salamu za Pasaka. Tumeruhusiwa kanisani, lakini maombi yamekatazwa tena sehemu nyingine za nchi, sijui hata nikuandikie nini kuhusu hilo, likifika kwako litakuwa limegeuka.

Umeelewa sasa, nilitaka uelewe mwenyewe. Huko "juu" kunakosemwa na Njuki mimi nimekaa nikisubiri jibu kutoka huko tangu nikiwa mwalimu. Tulikuwa tukipeleka mambo juu. Mengine bado yako huko.

Mamako anasema babako amekohoa wiki hii. Si sana. Anasema niandike "si sana".

Tata


Majimbo, Embu
24 Machi 2022

Tata yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nawe umpe Mama zake. Nimefurahi kusikia jicho lako limefanyiwa upasuaji, sasa unaweza kuona makosa yangu ya herufi kwa macho mawili. Teresia ameajiri wasichana wawili, Wawira na mwingine wa kutoka Kanja, na siku hizi wanashona sare za shule, barakoa hazinunuliwi tena. Hapa Majimbo mahindi yamechipua hata kwenye mitaro.

Nilinyamaza muda mrefu juu ya lile jambo, nawe ukaninyamazia, na najua ni adhabu. Niliistahili kidogo. Mwaka mzima nilisoma kila karatasi iliyoletwa. Tabaka mbili, tabaka tatu, ya kitambaa, si ya kitambaa, pua, kidevu. Kila mara nilimuuliza Njuki kuhusu ombi langu, kila mara lilikuwa juu. Nilijiambia nikitoka ataletwa mtu asiyeuliza chochote, kwa hiyo heri mimi. Hilo ni jambo ambalo mtu anaweza kujiambia mpaka azeeke.

Wiki mbili zilizopita serikali ilipoondoa amri ya maski, Njuki aliingia studio akiwa amefurahi, uso wote nje, na kwa mara ya kwanza niliona ana mwanya. Akanipa karatasi. Mistari miwili. Niligeuza wa kwanza Kimeru, nikausoma kwa sauti kujaribu: "Ukiwa nje, huhitaji maski."

Mbuzi akalia. Naapa, Tata, nilimsikia.

Ilikuwa karibu sentensi ileile. Miaka miwili, na tumerudi pale pale, na hatusemi tulipitia wapi. Nikamwona Baba kibandani akiisikia na kujipiga paja. "Si niliwaambia? Nilikuwa sahihi tangu mwanzo." Na mlango wa kibanda umefungwa kwa baridi, na watu wamekaa magoti kwa magoti.

Njuki alikwenda kula. Nikafunga mlango wa studio, nikawasha mashine. Mliyosikia sokoni siku ya soko ndiyo hayo, lakini nayaandika hapa ili yawepo kwa mkono wangu:

"Ni mimi, Nkirote wa Kaimenyi, wa hapa Laare. Mwezi wa tatu mwaka wa elfu mbili na ishirini niliwaambia asiye mgonjwa asivae maski. Zilikuwa chache, wauguzi walizihitaji, na hatukujua bado kwamba asiyekohoa anaweza kuambukiza. Baadaye tulijua, tukawaambia mvae wote. Hatukuwaambia kwamba tumebadilisha. Tulipaswa kuwaambia. Aliyefuata lile la kwanza hakuwa mjinga. Alisikiliza. Leo, ukiwa nje, unaweza kuvua. Mwenye kifua kibaya, na anayefanya kazi ndani na watu wengi, aendelee kuvaa, wala asichekwe. Tukijua zaidi tutabadilisha tena, na tutawaambia tumebadilisha."

La Kiembu nilitengeneza pia, kwa ajili ya muuza nduma. Nikayatuma kwa madereva kama ninavyotuma yote. Yalicheza siku mbili za soko kabla Njuki hajapigiwa simu kutoka huko juu. Kumbe juu kuna watu, na wana simu.

Siku ya pili, jioni, simu ya Mama ikanipigia. Nikasema haloo. Kisha mkwaruzo. Kisha boda boda zinapiga honi, mwanamke anauza nyanya, na mimi: "Ni mimi, Nkirote wa Kaimenyi." Aliicheza mpaka mwisho. Nikangoja akate.

Hakukata. Nilimsikia akipumua. Najua sasa pumzi yake, inapanda kwa shida na kushuka kwa haraka. Nami nikapumua.

"Hii imetoka vizuri," akasema. "Ile ilikuwa na mbuzi."

"Ilikuwa na mbuzi, Baba."

"Mukiri ameniomba nimtumie. Na yule askari amehamishwa, sijui Isiolo. Ningemtafuta."

"Usimtafute."

"Mm." Halafu akageukia pembeni, si kwangu. "Angeline! Ile kitu ya daktari iko wapi? Si hiyo. Hiyo imetoka kwenye msumari wa kibandani, ni ya kila mtu. Yangu." Mama alisema jambo ambalo sikulisikia, na simu ikawekwa mezani bila kukatwa, nikasikia kabati likifunguliwa. Nilibaki kwenye laini mpaka salio la Mama likaisha.

Kesho yake Njuki aliniita. Hakupiga kelele, nilimpenda kwa hilo. Aliniambia yote yanaweza kusahaulika. Nirekodi upya ile mistari miwili kama ilivyoandikwa, magari yaifute yangu, na kazi yangu iko. "Ni dakika moja tu, Nkirote. Soma ulichopewa."

"Na wakiuliza yangu ilienda wapi?"

"Nani atauliza?"

Nilijua nani atauliza. Nilimwona na nduma zake. Lakini siku hiyo nilimwambia Njuki nitafikiri, na nikaenda nyumbani nikafikiri Jumamosi na Jumapili nzima, kama mtu anayepima jambo ambalo mikono yake imeshaliamua.

Utaniuliza nitakula nini. Teresia ana mashine moja isiyo na mtu. Usinicheke, mshono wangu ni mbaya kuliko Kiembu changu.

Sikurekodi, Tata. Jumatatu asubuhi nilifika mapema, nikaweka ufunguo wa studio juu ya karatasi yake, upande ulioandikwa ukiwa chini, nikatoka kabla hajaingia.

Nkirote wa Kaimenyi